Una kamera za zamani? Njia nne za kuboresha mfumo bila kung'oa kila kitu

Nilipofika dukani, mwenye duka alikuwa amesharudisha picha nyuma mara nyingi asiweze kuhesabu. Kwenye skrini mtu mwenye shati jeupe anaingia, anainama nyuma ya kaunta, anatoka na boksi la beringi. Shati linaonekana, viatu vinaonekana. Uso ni doa la kijivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Sikiliza. Nataka kitu kipya, lakini kamera zenyewe bado nzima, na hii dari ya jipsamu nimeimaliza mwaka juzi. Sitaki mtu apande huko juu anitoboe."

Duka ni la vipuri, Kariakoo, na lina ghala nyuma yake. Kamera 8, DVR moja ya chaneli 8 (mashine inayorekodi picha za kamera), waya wa koaksia RG59 uliopitishwa juu ya dari, na pawa saplai moja ya volti 12 inayolisha zote. Huu ndio mfumo ninaoukuta zaidi ya mwingine wowote, kuanzia gesti hadi shule, kwa hiyo nitautumia kama mfano. Swali la mzee ndilo swali la wengi: kati ya njia zilizopo, ipi inamwachia mtu kamera zake na bado ikampa picha ya maana?

Jambo moja nalisema kabla ya bei na kabla ya majina ya kampuni, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu fedha. Mashine mpya haiongezi macho ya kamera ya zamani. Itahifadhi vizuri zaidi, itatafuta haraka zaidi, itakutumia taarifa kwenye simu. Lakini kamera isiyouona uso leo haitauona kesho kwa kuunganishwa na mashine ya bei kubwa.

Chukua futi kabla ya kuchukua pochi

Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilipima picha kwa pikseli (vinukta vinavyounda picha) kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba kuna mtu. Pikseli 125 zinatosha kumtambua mtu unayemfahamu tayari, kwa mfano mfanyakazi wako. Kwa mtu usiyemjua, yule ambaye picha yake utaipeleka polisi, zinahitajika 250.

Sasa piga hesabu. DVR nyingi za zamani hurekodi kwa kiwango cha D1, yaani pikseli 704 kwa upana na 576 kwa kimo. Gawanya 704 kwa 250: unapata mita 2.8. Kamera hiyo inaweza kukupa uso wa mgeni ikiwa tu inaangalia upana usiozidi mita 2.8. Kwa 125 unafika mita 5.6. Kwa kugundua tu kwamba mtu amepita, unafika mita 28. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Uso wa mgeni inakupa katika upana wa mita 7.7.

Ukizielewa namba hizi, nusu ya uamuzi umeshaifanya. Kamera ya ghalani inayokujulisha kwamba kuna mtu ndani saa saba usiku inafanya kazi yake hata ikiwa ya mwaka 2010. Iache. Kamera ya mlangoni, ya kaunta na ya geti ndizo zinazodaiwa uso au namba ya gari, na hizo ndizo za kubadilisha. Kwa mzee, kamera ya mlango ilikuwa inaangalia upana wa mita 6. Hata ingekuwa mpya kabisa ya aina ile ile, isingemwonyesha mwizi yule.

Kabla ya kutumia hata senti, ingia kwenye mipangilio ya DVR uliyonayo uangalie inarekodi kwa kiwango gani. Mashine nyingi za zamani zilikuwa na nguvu ya kurekodi D1 kwenye chaneli chache tu, zilizobaki zikashushwa hadi CIF, yaani 352 kwa 288. Dukani kwa mzee chaneli nne kati ya nane zilikuwa CIF, ya mlangoni ikiwemo. Aliyeifunga aliacha ilivyotoka kwenye boksi. Kuwapa ukumbi na stoo hiyo CIF, mlango na kaunta wakapewa D1, hakugharimu kitu isipokuwa dakika tano.

Kamera yako ni ya ukoo gani?

Kamera zinazotumia koaksia na kichwa cha BNC (kiungo cha mwisho wa waya) zinafanana sura, lakini hazizungumzi lugha moja. Zile za zamani kabisa ni za analogi ya kawaida, CVBS, na kwenye kibandiko chake utaona TVL, yaani idadi ya mistari ya picha: 420, 600, 700 na kadhalika. Baadaye zikaja analogi za picha kali zinazopita kwenye waya ule ule: HD-CVI iliyoanzishwa na Dahua, HD-TVI inayotokana na chipu za Techpoint na ambayo Hikvision waliiuza kwa jina la Turbo HD, na AHD ya Nextchip wa Korea. Kibandiko kikiandika 720P au 1080P pamoja na moja ya majina hayo, una kamera yenye uwezo mkubwa kuliko pengine unavyodhani, hasa ikiwa imefungwa kwenye DVR inayoishia chini yake.

Kamera nyingi za 1080p zinaweza kubadilishwa lugha, kwa kitufe kidogo kilichoning'inia kwenye waya wake au kupitia menyu yake. Nimeshakuta kamera nzuri za AHD zimewekwa kwenye CVBS kwa miaka kwa sababu DVR ya siku ile haikujua kingine. Kibandiko kikifutika, njia ya uhakika ni kuchomeka kamera kwenye mashine mseto (inayopokea aina zote hizi, nitaieleza chini) au kipimio cha fundi, kikusomee chenyewe.

Njia zenyewe

Sitaji bei kwa shilingi kwa kuwa hupanda na kushuka na dola. Nataja ipi ni ghali kuliko ipi, na hilo halibadiliki sana. Kwenye jedwali, kamera ya IP ni ile inayotuma picha kwa mtandao, na NVR ni mashine inayorekodi kamera za namna hiyo.

| | Kukarabati DVR iliyopo | Mashine mseto | Enkoda na NVR | Vigeuzi vya koaksia na kamera za IP |
|---|---|---|---|---|
| Kamera za sasa | Zinabaki zote | Zinabaki, unabadilisha moja moja | Zinabaki zote | Zinaondoka karibu zote |
| Waya uliopo | Unabaki | Unabaki | Unabaki hadi kwenye enkoda | Unabaki, kwa jozi ya vifaa kila kamera |
| Picha ya kamera za zamani | Ile ile | Ile ile, ila utafutaji na taarifa ni bora | Ile ile | Haihusiki |
| Kuongeza kamera kali | Hapana | Ndiyo, za koaksia na za IP | Ndiyo, za IP | Ndiyo |
| Gharama | Ndogo kuliko zote | Ya kati | Kubwa | Kubwa kuliko zote |

Kukarabati ni kubadilisha diski, pawa saplai, vichwa vya BNC na betri ndogo ya saa iliyo ndani ya mashine, basi. Inafaa kwa anayehitaji kuona tu kwamba mlango umefunguliwa na haangalii kutoka mbali. Isiyofaa ni kuitumia kama daraja la kufika kwenye mtandao, kwa sababu nitakazozieleza chini.

Enkoda ni kifaa kinachopokea kamera za analogi na kuzigeuza kuwa mtiririko wa mtandao, halafu NVR inazirekodi kama kamera za IP. Ni kazi safi sana mahali pakubwa: hospitali, chuo, hoteli yenye majengo yaliyotawanyika, ambako tayari kuna nyaya za mtandao au faiba kati ya jengo na jengo na kuna chumba kimoja cha ulinzi. Unaweka enkoda kila jengo, koaksia zinaishia hapo. Kwa kamera 8 chini ya paa moja sioni sababu yake. Unanunua vifaa viwili kufanya kazi ya kimoja.

Vigeuzi vya koaksia hufanya kinyume: vinapitisha mtandao ndani ya RG59 yako, kimoja upande wa kamera, kimoja upande wa mashine, ili ufunge kamera ya IP bila kuvuta waya mpya. Baadhi hupitisha na umeme pia. Nimewahi kuvitumia kwenye nyumba yenye dari ya zege ambako bomba la waya lilikuwa limeziba, na vilinisaidia kweli. Lakini ukihitaji jozi nane, jiulize mara mbili kama si afadhali kuvuta Cat6, ambayo inabeba mtandao na umeme wa PoE kwa pamoja hadi mita 100.

Kuna pia wanaochukua mtiririko wa RTSP (njia ya kutoa video kwa mtandao) kutoka kwenye DVR na kuupeleka kwenye kompyuta yenye programu kama Frigate, ZoneMinder au Blue Iris. Kwa mtu anayependa kompyuta na atakayeitunza ni njia nzuri yenye uwezo mkubwa. Kwa duka ambalo kijana wa kaunta ndiye atakayewasha mashine umeme ukirudi, sipendekezi.

Mashine mseto, na mitego yake

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo wengi wanapoishia na ndipo nilipompeleka mzee.

Mashine mseto, ambayo madukani wanaiita XVR au Turbo HD kutegemea kampuni, inapokea aina tano: CVBS, TVI, CVI, AHD na IP. Unachomoa BNC nane kutoka mashine ya zamani, unazichomeka kwenye mpya, na picha zinatoka siku hiyo hiyo. Faida kubwa ni kwamba si lazima ubadilishe yote leo. Mwezi huu mlango, mwezi ujao geti, kila kamera ikipita kwenye koaksia ile ile na kutumia pini ile ile ya umeme. Kwa koaksia nzuri ya shaba, 1080p inasafiri mita mia tatu na zaidi. Duka halina umbali huo.

Na hapa ndipo mashine mpya inapoisaidia hata kamera ya zamani. DVR za zamani zilihisi mwendo kwa kubadilika kwa picha tu, kwa hiyo tawi la mwembe, paka, mvua na taa za gari vyote vilikuwa "tukio". Mashine nyingi za sasa zinatofautisha binadamu na gari na vitu vingine, na kazi hiyo inafanyika ndani ya mashine, si ndani ya kamera. Ukitaka kujua nani alipita ghalani kati ya saa nne usiku na alfajiri, unachuja binadamu tu badala ya kutazama saa nane za giza. Kwa kamera ya CVBS uwezo huo hupungua mtu akiwa mbali, kwa kuwa pikseli ni chache, ila hata hivyo ni nafuu kubwa.

Mitego sasa. Wa kwanza ni herufi moja: N. Boksi likiandika 1080N au 1080P Lite, mashine inarekodi nusu ya upana, takriban 960 kwa 1080. Unanunua kamera za 1080p, unaona picha kali moja kwa moja, lakini kilichohifadhiwa kina nusu ya pikseli za upana. Rudi kwenye hesabu ya 250 kwa mita: upana wako wa mita 7.7 umekuwa mita 3.8. Hali ni hiyo hiyo kwa 5M-N na ndugu zake. Muulize muuzaji mashine inarekodi chaneli zote 8 kwa kiwango gani na kwa fremu ngapi kwa sekunde, kisha usome karatasi ya kiufundi mwenyewe.

Wa pili ni idadi ya chaneli. "Inakubali IP" kwenye mashine nyingi maana yake ni kwamba ukiongeza kamera ya IP unazima BNC moja. Baadhi zina nafasi za IP za ziada, baadhi hazina. Ukiwa na kamera 8 leo na unawaza kuongeza mbili, nunua ya chaneli 16. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko kununua mashine mara mbili.

Wa tatu: utambuzi wa binadamu mara nyingi haupo kwenye chaneli zote kwa wakati mmoja. Soma ni chaneli ngapi, kisha uzipe kamera za nje.

Wa nne ni kwa waliofunga kamera kwa waya wa mtandao na vibaluni (vifaa vidogo vinavyopitisha picha ya kamera kwenye waya huo) badala ya koaksia. Vibaluni vya enzi ya CVBS mara nyingi havipitishi vizuri picha za HD. Utaona rangi zinacheza au picha inapotea. Vibaluni vipya vya HD ni bei ndogo, vibadilishe pamoja na kamera.

Kama una kamera kubwa ya kuzunguka, ile inayoongozwa kwa waya wa RS-485, hakikisha mashine mpya ina soketi hiyo na inaelewa Pelco-D, lugha ya kuongozea kamera hizo. Si zote zinayo. Na ukiweka mfumo mpya, chagua PAL, au Hz 50, kwa sababu umeme wetu ni wa Hz 50; ukiacha NTSC, ya Hz 60, taa za tyubu zitapepesa kwenye picha.

Waya na umeme, panapofichika ugonjwa

Kamera nyingi ninazoambiwa "zimekufa" ziko hai. Kinachokufa ni kiungo. Pwani hewa ya chumvi inaingia kwenye kichwa cha BNC kisichofungwa vizuri, shaba inaota kutu ya kijani, na picha inaanza kuwa na chenga. Kata sentimita chache za waya, weka kichwa kipya, funga kwa tepu inayozuia maji au kiweke ndani ya kijiboksi. Mistari inayopanda polepole kwenye skrini ni habari nyingine: mashine na kamera zimeunganishwa na ardhi mahali pawili tofauti. Dawa yake ni kukagua ethi na, ikibidi, kuweka kitenganishi kwenye koaksia, si kununua kamera.

Kamera inayofanya kazi mchana na kukata usiku ina njaa ya umeme. Usiku taa za infraredi zinawaka na mkondo unaongezeka. Chukua waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, urefu mita 50. Kwenda na kurudi una mita 100, na upinzani wake ni kama omu 3.4. Kamera ikivuta ampea 0.2 mchana, inapoteza volti 0.7 na inabaki na 11.3, inaridhika. Usiku ikivuta ampea 0.5 inapoteza volti 1.7, inabaki na 10.3, na nyingi hapo huanza kuwaka na kuzimika. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ambao umejaa sokoni kwa sababu ya bei yake, una upinzani mkubwa zaidi. Ukwangue kwa kisu: ndani ukiwa mweupe, si shaba.

Kabla ya kuweka kamera mpya, jumlisha ampea za usiku. Kamera nane za ampea 0.5 ni ampea 4. Pawa saplai ya ampea 5 inaonekana inatosha, lakini kamera mpya zenye taa nyeupe za kutoa rangi usiku hula zaidi. Mzee nilimwekea ya ampea 10, na yuniti moja ya betri inayobeba pawa saplai na mashine pamoja. Umeme ukikatika ndipo watu wengine hufanya kazi zao.

Diski, saa, na kile kinachobaki kwenye kumbukumbu

Kamera moja ya 1080p ikirekodi kwa Mbps 2 inajaza GB 21.6 kwa siku. Kamera nane ni takriban GB 173 kwa siku, kwa hiyo diski ya TB 1 inakupa chini ya siku sita. TB 4 inakupa siku 23. Mashine inayobana video kwa njia ya H.265 badala ya H.264 ya zamani hukuruhusu kushusha hadi karibu nusu ya data bila jicho la kawaida kuona tofauti, na siku zinakaribia mara mbili. Kamera za CVBS zilizobaki zinakula nafasi ndogo kuliko hizo, hiyo ni faida yake moja.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika saa 24 kila siku, na mara nyingi unagundua imekufa siku unayoihitaji.

Weka saa sawasawa: GMT+3. Mashine ikiwa na betri ya saa iliyochoka, kila umeme ukikatika tarehe inarudi mwaka wa kiwandani, na ushahidi wako unapoteza nguvu. Na wafundishe vijana wa duka kutafuta. Mtu akisema tukio lilikuwa saa nane usiku, kwenye mashine ni 02:00, si 08:00 wala 20:00. Nimeona picha za muhimu zikifutika kwa kuandikwa juu kwa sababu siku tatu zilipotea watu wakitafuta saa isiyo yenyewe.

Sababu ya kuistaafisha DVR ya zamani hata kama bado inarekodi

Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na DVR duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na mwezi Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vikatumika kuangusha huduma ya kampuni ya Dyn na kuzima tovuti kubwa nyingi kwa saa kadhaa. DVR nyingi za enzi hiyo bado zinafanya kazi kwenye maduka yetu, bado zina nywila ya 12345, na hazijapata sasisho tena. Nyingine zinafunguka tu kwa Internet Explorer, ambayo Microsoft waliistaafisha Juni 2022.

Kama DVR ya zamani inabaki, ichomoe kwenye ruta. Iache ya ndani tu. Usimruhusu mtu akufungulie pota (njia ya kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta ili "uone kwa simu". Huko ndiko wageni wanakoingilia. Mashine mpya zinaunganishwa kwa kuskani msimbo wa QR, na hilo linafanya kazi hata kwenye intaneti ya laini ya simu ambako kufungua pota mara nyingi hakufanyi kazi. Badilisha nywila siku ya kwanza, na uiandike wewe, si fundi. Kwa bando, angalia picha ndogo badala ya kubwa: mtiririko wa kbps 512 unakula takriban MB 230 kwa saa kwa kila kamera.

Wenye kamera za IP za zamani wana njia yao. Kamera ikiwa inafuata ONVIF, utaratibu ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane, kuna uwezekano mkubwa NVR mpya ya kampuni nyingine itaikubali. Ikiwa haifuati, na NVR yake imekufa, tafuta kwanza kama inatoa RTSP kabla ya kuitupa.

Na sheria ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura ya mteja ni taarifa binafsi. Bandika tangazo mlangoni kwamba pana kamera, usielekeze kamera kwenye dirisha la jirani, na ukiuza DVR ya zamani toa diski ubaki nayo.

Tulichofanya kwa mzee

Tulinunua mashine mseto ya chaneli 16 inayorekodi 1080p kamili. Kamera tatu zikabadilishwa: mlango, kaunta na geti la kushushia mzigo, zote kwenye koaksia zilezile, na ya mlango tukaipa lenzi yenye kuona upana wa mita 3 tu, kwenye kimo cha kichwa badala ya darini. Tano zilizobaki ni CVBS na zinaendelea ukumbini na ghalani. Moja ya ghalani taa zake za infraredi zimefifia; hiyo itafuata akipata nafasi. Hakuna aliyepanda kwenye jipsamu.

Saa mbili usiku, duka limefungwa na taa zimezimwa, nikamwomba dereva mmoja wa bodaboda ambaye mzee hakuwa akimfahamu apite mlangoni, ageuke, aondoke. Mzee alikuwa ofisini na mashine. Alisimamisha picha, akaikuza, akaitazama kwa muda. Kisha akatoka nje, akavuka barabara hadi kijiweni walipokaa madereva watano, akamwekea mkono begani yule yule.